Au Sawa na Hicho

Barua ya Rading' hufika Ijumaa, saa kumi jioni,
karani akiwa ameshatia mkoba begani.
"Kutokana na uhaba sokoni," yaanza,
nami najua mabati yangu yameshatoroka ramani.
Niliandika geji ishirini na sita, zinki nzito,
paa la wadi ya kujifungulia, Mamboleo.
Yeye amepata geji thelathini, hapa hapa Kisumu,
rangi ile ile, mikunjo ile ile,
bei ya kumfanya mhasibu acheke peke yake.
Na chini kabisa, kwa wino mwekundu,
ananilisha maneno yangu: au sawa na hicho.

Maneno manne. Ni yangu. Ukurasa wa arobaini na moja,
niliyaandika usiku, nikisinzia,
kama mtu aachaye mlango wa uani bila komeo
kwa kuwa jirani ni mcha Mungu.

Sawa kwa nani, Rading'?
Kwa jicho la mpita njia wa barabara ya Kakamega?
Kwa mvua ya Aprili ishukayo kutoka Nandi
na mawe kifuani?
Kwa mama aliye kitandani, asiyemsikia mkunga
akimwambia sukuma, sasa, sukuma,
kwa sababu bati jembamba limeshika ngoma?

Sikuandika hapana. Hapana ni neno la mvivu.
Niliandika: lete kipande. Lete cheti cha maabara,
si picha ya cheti kwenye simu.
Nani atalikarabati mwaka wa nane?
Na ile tofauti ya bei, italala mfuko gani?
Alinipigia. Alipaza sauti. Ana vibarua kumi na tisa
na Jumamosi haijui maabara.
Hilo ni kweli, nami sikulibisha.

Musumba, mkaguzi wetu wa kazi, akakata vipande viwili,
kimoja chake, kimoja changu,
akavitoboa kwa msumari, akavilaza juu ya choo cha ofisi,
akawa anavinyunyizia maji ya chumvi asubuhi na jioni
kama anayemwagilia kitalu cha mboga.
Siku ya kumi na mbili
tundu la kimoja likatoa chozi la kahawia.

Niseme na hili, maana halimo katika faili.
Ugunja, kazi yangu ya kwanza, bawaba za darasa:
niliomba chuma kisichoshika kutu, nikaletewa kitu kinachong'aa,
nikatia sahihi nimesimama, gari linaunguruma.
Mlango uling'oka siku ya mtihani.
Ulianguka juu ya dawati tupu.
Tupu. Hiyo ndiyo sifa yangu yote.

Lakini barua ya Rading' ilikuwa na ukurasa wa pili.
Vigae vyako vya sakafu, aliandika, vina mifereji,
na damu hupenda mifereji. Mamangu alikuwa mkunga Muhoroni,
alipiga magoti kila alfajiri akiisugua kwa mswaki.
Niruhusu nimwage terazo, kokoto za Koru,
sakafu isiyo na mshono.

Niliusoma mara tatu nikitafuta hila,
nikapekua bei, nikapekua vipimo,
nikitafuta ule mfuko.
Nilimkuta mwanamke aliyepiga magoti, basi.
Nikatia sahihi, safari hii nimekaa.

Paa lilipigwa geji ishirini na sita,
siku tisa nyuma ya ratiba,
na Rading' hanisalimii vizuri hadi leo,
ingawa sakafu yake huionyesha kwa wageni
kama mtoto aliyefaulu.

Vile vipande Musumba aliviweka dirishani kwetu.
Changu kimefifia kidogo.
Kile kingine kinaendelea kuandika, kwa kutu, taratibu,
jibu ambalo mimi nililifupisha.